Fimbo ya gofu ya mnada wa Msalato

Nilikwenda mnadani Msalato, hapa Dodoma, Jumamosi kutafuta mbuzi wa komunio ya mjukuu, nikarudi na fimbo ya gofu. Mbuzi tulimpata baadaye, msiniulize kwa bei gani.

Muuzaji ni kijana anayetandaza vyuma chakavu na vikorokoro vya mtumba, jirani na moshi wa nyama choma. Fimbo zilikuwa tano, zimesimamishwa kwenye ndoo pamoja na miavuli. "Mzee wangu, hii ya kuulia nyoka, haikatiki." Akaanzia elfu ishirini na tano, tukavutana mpaka kumi na mbili. Nne zilikuwa za chuma, zimeliwa na kutu. Ya tano ilikuwa na kichwa cha mbao, nami nikajitahidi uso usinisaliti.

Mbao ile ni persimmon, mti mgumu uliotumika zamani kwa vichwa vya fimbo za gofu. TaylorMade, kampuni ya vifaa vya gofu, walileta kichwa cha chuma badala ya hicho cha mbao mwaka 1979, na taratibu mbao ikageuka pambo la ukutani. Kwa hiyo niliyoishika ni fimbo ya enzi za Safari Circuit, na hicho ndicho nilicholipia.

Vijana hamuijui hiyo. Miaka ya 70 na 80 wachezaji wa kulipwa kutoka Uingereza na Ulaya walikuwa wakikimbia baridi ya kwao, wanakuja kushindana Nigeria, Ivory Coast, Kenya na Zambia. Lagos hapakuwa na majani kuzunguka shimo: mpira waliusukumia kwenye mchanga uliochanganywa na mafuta. Sandy Lyle alishinda Nigeria mwaka 1978. Mwaka huohuo Seve Ballesteros, Mhispania ambaye hata miaka 22 hajatimiza, akachukua Kenya Open pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, na mwaka uliofuata akabeba The Open, mashindano makubwa ya Uingereza. Ian Woosnam naye alipita Kenya na ushindi wake mwaka 1986.

Baba yangu mdogo alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, Nairobi siku hizo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa 1983, kwa hiyo habari za Seve tulizisikia mdomoni mwake zikiwa na umri wa miaka mitano, naye akizisimulia kama za jana asubuhi. Kilichomuuma zaidi ni ile ratiba. Kenya wapo, Zambia wapo, sisi tulio katikati tumerukwa.

Haikudumu. Ulaya walipojipatia mashindano ya msimu wa baridi yenye fedha nene, kama ya Dubai yaliyoanza 1989, nani tena aje kusukuma mpira mchangani? Kenya Open ilijinusuru: ikaingia Challenge Tour, ngazi ya pili ya gofu ya Ulaya, 1991, na mwaka 2019 ikapanda European Tour, ngazi ya juu. Msafara wenyewe ulikwisha.

Turudi kwenye bidhaa. Hewa yetu kavu ya Dodoma mnaijua. Mbao imenywea, skrubu za bamba la chini zinacheza, na uzi mweusi wa shingoni umefumuka. Kijana hakuniambia, ila sidhani alijua. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliufunga upya kwa uzi wa kushonea soli na gundi, elfu tatu. Mpini ulikuwa umekauka hadi unachana viganja, nikauviringishia tyubu ya baiskeli. Jioni nikapiga mipira mitatu uwanja wa shule. Wa kwanza ulinyooka vizuri sana. Wa pili sijauona hadi leo. Wa tatu kichwa kilitoa mlio nisioupenda, nikaacha.

Kama unataka fimbo ya kuchezea, hiyo si yako. Kama ni ya kukumbukia, elfu kumi na mbili ni bei ya haki. Huduma si mbaya: kijana ana subira, atakufungia na gazeti, ila beba fedha kamili kwa sababu chenji yake huwa "inakuja" na haiji. Wahi kabla ya saa nne, baadaye vumbi na watu hutaona kitu.

Nilimpitia tena wiki mbili baadaye. Zile nne za kutu bado zipo kwenye ndoo. Nyoka hatajwi tena, sasa anaziita "za Safari", na bei inaanzia elfu arobaini.