Bahari ilikatika, rauta yangu ndio wakaiua

Niseme mapema, intaneti kukatika mimi sina shida nayo. Nina kibanda cha kompyuta hapa Busia upande wa Uganda, naprinti, napiga chapa, najazia madereva fomu zao, na mtu wa mpakani ameshazoea mambo kukwama. Kinachoniuma, na ndiyo maana naandika maoni haya na nyota zake, ni yule dada wa kastoma keya wa kampuni inayoniuzia intaneti.

Ilikuwa 2024, mwezi wa tano, Jumapili au Jumatatu hivi. Gmail inazunguka tu, meseji za WhatsApp zimeganda na kasaa kao. Mimi sio injinia lakini macho ninayo. Taa ya faiba ni kijani, ile nyekundu haijawaka. Nikapiga pingi, yaani kubisha hodi kwenye seva, ya Kampala ikajibu chapchap, nikapiga ya nje ya nchi, kimya. Sasa hiyo inataka chuo gani? Laini yangu ni nzima, ya mpaka Kampala ni nzima, maana kampuni zetu za intaneti zinabadilishana data palepale UIXP, kituo chao cha kukutania Kampala, na data ya ndani haina haja ya kwenda baharini. Nikapiga ile amri inayoonyesha pakiti inapita wapi na wapi, hatua sita safi, ya saba alama za nyota nyota tu, yaani hakuna anayejibu. Nikavuka ng'ambo kwa Wakenya na laini yangu ya kule (nani Busia hana laini mbili?), nayo inajikokota. Basi ni kebo ya baharini inayotuunganisha na nje. Na kweli, baadaye ikatangazwa kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zimekatika huko chini Afrika Kusini, na SEACOM ilikuwa imeshaumia Bahari ya Shamu miezi michache nyuma, sasa sisi tusio na pwani tupumulie wapi?

Nampigia dada namweleza yote hayo, pole pole, kwa heshima. "Mzee, una uhakika umelipia?" Nimelipia. "Basi zima rauta uwashe." Nikazima nikawasha. Dada, ni kebo ya baharini. "Mzee, chukua pini ubonyeze kale katundu ka nyuma sekunde kumi." Na mimi mjinga nikabonyeza! Wateja wanne wamesimama, dereva mmoja wa lori ananitazama nachokonoa rauta na pini ya nguo kama natoa mwiba.

Siku mbili tatu watu wakarudi hewani, njia zimehamishiwa kwenye kebo zilizobaki, TEAMS ile ya Mombasa kwenda Fujairah na nyingine. Jirani yangu wa duka la simu anacheka na video zake, mimi giza. Kumbe ile pini ilifuta jina la akaunti, neno la siri, kila kitu, rauta ikawa kama imetoka leo kwenye boksi. Nikapiga tena, dada huyo huyo au pacha wake ananiambia fundi kuja ni elfu hamsini kwa sababu "kastoma ameriseti mwenyewe". Mwenyewe!!

Hapo nilikuwa nimeshaandika nyota moja na kwaheri. Halafu akaja kijana na boda kutoka Tororo, amelowa mvua mpaka soksi, hata chai amekataa. Akaingiza jina na neno la siri kutoka kwenye simu yake, dakika nne hazijaisha watu wanaprinti. Elfu hamsini hakugusa. "Mzee hii ni makosa yetu, siku ile tangu asubuhi tulijua ni kebo." Asubuhi! Na mimi nilipiga saa nane mchana! Nikawaka upya kuliko mwanzo, lakini yeye ningemfokea nini, na alivyolowa vile. Kabla ya kuondoka akaniandikia zile settingi kwenye karatasi akaibandika chini ya rauta na selotepu.

Spidi siku za kawaida ni nzuri, siwezi kudanganya, na mwezi huu nimelipia tena. Nyota mbili. Haya tatu, ila hiyo ya tatu ni ya kijana wa Tororo, ofisi wakijipa wao naiondoa.