Jua la Dar na mfuko wako: kipi ununue kwanza

Nauza kwenye duka la dawa Temeke. Oktoba ikifika, swali linaloingia mlangoni ni lile lile. Kijana wa bodaboda anaegesha pikipiki nje, anaingia na noti mkononi: "Dada, losheni ya jua ipo? Naungua huku." Ipo, tena za aina nne. Lakini kabla sijashusha hata moja, huwa namwomba anyooshe mikono juu ya kaunta na apandishe fulana kidogo. Pale fulana ilipofunika, ngozi ni laini na ina rangi yake ya kuzaliwa. Kuanzia nusu ya mkono kushuka chini imekauka, weusi wake umekuwa wa aina nyingine, na nyuma ya viganja kuna mistari kama tope lililopasuka. Mpaka wa rangi hizo mbili umenyooka utadhani umepigwa rula.

"Nini kimekukinga hapa juu?" namuuliza. Jibu analo mwilini: fulana ya mtumba, tena iliyochakaa.

Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja tu: shilingi yako inafunika ngozi kiasi gani, na kwa muda gani. Losheni, bidhaa ambayo mimi ndiye ninayepata faida nayo, imeshika nafasi ya nne.

Kwanza tulijue jua lenyewe. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kipimo cha mionzi ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, kikifika 3. Mchana wa hapa kwetu mara nyingi kinafika 11 na kuzidi, ambalo ndilo daraja la juu kabisa. Upepo wa kusi wa Juni na Julai usikudanganye. Unapoza mwili tu, mionzi iko pale pale, na wingu jepesi linaipitisha kwa wingi. Kipimo cha bure unacho miguuni: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jikinge. Kwa Dar ni takriban saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, muda ule ule ambao fundi yuko juu ya jukwaa na machinga yuko barabarani.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inayokadiriwa kufanya kazi kama SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga inayoandikwa kwenye losheni za jua), na mimi sitamtisha mtu mweusi kwa saratani ya ngozi ya jua ambayo kwetu wengi ni nadra. Kinachotupata ni madoa ya usoni, ngozi kukakamaa kabla ya umri, midomo kubabuka, na zaidi ya yote macho. Mwenye ualbino hana kinga hiyo hata kidogo. Habari yake ni nyingine na nimeiweka mwishoni.

1. Shati la mikono mirefu

Hakuna kitu kinacholipa kama hiki. Halitoki na jasho, halihitaji kupakwa tena kila baada ya saa mbili, na linadumu mwaka mzima. Ila si kila shati. Ukiwa Karume au Tandika unachambua belo, ingiza mkono ndani ya nguo, iinue kuelekea mwangani. Ukiona vidole vyako vizuri, mionzi nayo inapita. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba ina kinga ya kama 7 tu, na ikilowa jasho inashuka hadi karibu 3. Jinzi, hata nyembamba, inazuia karibu mionzi yote. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi iliyokolea, ndicho cha kuchukua.

Najua pingamizi: joto. Mtu anayebeba zege Mbagala hawezi kuvaa jinzi saa saba mchana, na simshauri. Chukua shati la pamba la kiofisi, saizi moja juu ya yako, lipwaye ili upepo upite katikati ya kitambaa na ngozi. Mashati ya namna hiyo yamejaa kwenye mitumba kwa sababu vijana hawayataki. Na pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ina faida: nyuzi zimejikunja, matundu yamezibika. Ile mikono ya kuvaa inayobana ya bodaboda nayo ni nzuri, mradi isiwe imelegea hadi kuonyesha ngozi. Kizibao cha kuakisi mwanga kinakuokoa na magari usiku, mikono hakiisaidii.

Nimewahi kupanda daladala nikakaa nyuma ya dereva kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Mkono wake wa kulia, ule unaolala dirishani, ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa tofauti ambayo hata mtoto angeiona. Kioo cha mbele cha gari kinachuja mionzi kwa kiasi kikubwa, cha pembeni hakichuji hivyo, na chake kilikuwa kimeshushwa kabisa. Dereva, shati hili linakuhusu na wewe.

2. Kofia ya pama, au helmeti yenye kioo

Kapelo inakinga paji la uso na pua. Masikio na shingo vinabaki nje, na shingo ndiyo inayoangalia jua mtu anapoinama kupanga nyanya au kufunga nondo. Nunua kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7 na nusu au zaidi pande zote. Kofia za ukili zinazosukwa kwa mikono nazipenda kwa sababu kichwa kinapumua, lakini ziinue juani kwanza: ukiona nukta nukta za mwanga usoni mwa muuzaji, ukili umesukwa kwa kuachia, tafuta nyingine. Mama lishe anayejifunga kanga kichwani na kuiteremsha hadi shingoni ameshatatua nusu ya tatizo bila kutoa senti.

Bodaboda hawezi kuvaa pama, hivyo pesa yake iende kwenye helmeti yenye kioo cha mbele. Vioo hivyo kwa kawaida ni vya polikaboneti, na plastiki hiyo inazuia karibu mionzi yote ya UV hata ikiwa nyeupe kabisa. Ukitembea umekiinua, umelipia kitu usichokitumia.

Kama kazi yako ni ya kukaa, anza na mwavuli

Wakala wa pesa, muuza matunda, fundi viatu: ruka namba zote, mwavuli mkubwa ndio ununuzi wako wa kwanza. Chagua wenye kitambaa kizito, upande wa ndani ukiwa mweusi au wa rangi ya fedha. Mingi inayogawiwa bure kwa matangazo imepauka hadi unaona jua kama sahani kupitia kitambaa. Huo ni urembo tu sasa. Kuanzia saa nane jua linakuja kwa ubavu, kivuli kinahamia kwa jirani na wewe unabaki nje, kwa hiyo funga kitenge upande wa magharibi. Ufukweni mchanga nao unarudisha mionzi juu, kama asilimia 15, na povu la mawimbi asilimia 25. Mwavuli peke yake hautoshi Coco wala Kigamboni.

3. Miwani

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu watu wanaona miwani ni mapambo. Nilikwenda Feri asubuhi moja kununua samaki. Mzee aliyenihudumia, baada ya "Shikamoo" na "Marahaba, mwanangu," aliinua uso, nikaona kinyama chekundu kimeota kutoka kona ya jicho upande wa pua, kimetambaa hadi kugusa duara jeusi. Jicho la pili nalo lilikuwa limeanza. Alisema linawasha, linatoa machozi, na amezoea. Kinyama kile huwapata sana watu wanaoishi juani, kwenye upepo na vumbi, na bahari inaongeza kwa kumulika kutoka chini. Jua la miaka mingi linachangia pia mtoto wa jicho. Weusi wa ngozi hauna msaada wowote hapa.

Tafuta maandishi UV400, au kinga ya UV ya asilimia 100. Weusi wa kioo hauna maana. Miwani nyeusi isiyochuja UV inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwani giza linafungua mboni na kuipa mionzi nafasi ya kuingia. Ile inayotembezwa kwenye mbao Kariakoo mingine ina stika ya UV400 inayobandukwa kwa ukucha, na stika haithibitishi kitu. Ukiweza, ipeleke kwenye duka la miwani lenye kifaa cha kupimia. Umbo linalozunguka hadi pembeni ya macho ni bora kuliko la duara dogo.

4. Losheni

Sasa hesabu iliyonifanya niishushe. Uso na shingo vinataka kijiko kimoja cha chai. Kila mkono, kijiko kimoja. Jumla mililita 15, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili. Kwa saa zetu sita za jua kali ni mililita 45. Chupa ya mililita 50 imekwisha siku hiyo hiyo. Hakuna bodaboda anayeweza, na ndiyo maana wote wanapaka kidogo mno, kinga inashuka sana, kisha wanarudi kuniambia dawa yangu haifanyi kazi. Avae shati na pama, losheni ibaki ya uso, shingo na nyuma ya viganja, na chupa ile ile itakwenda siku mbili hadi tatu. Kwa aliyebanwa, apake pua, mashavu, masikio na midomo tu, lakini apake vya kutosha.

Ukishaamua kununua, usilipe zaidi kwa namba kubwa. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 asilimia 98. Kati ya hizo mbili chukua yenye ujazo mkubwa kwa bei ile ile. Muhimu zaidi ni alama ya UVA ndani ya duara, au herufi PA zenye alama tatu au nne za kujumlisha (+), kwa kuwa SPF yenyewe haipimi UVA, aina ya mionzi ya UV inayozeesha ngozi. Anayetoka jasho atafute iliyoandikwa kuwa inastahimili maji kwa dakika 40 au 80. Zenye zinki zinaacha weupe kama umejipaka unga. Mwenye madoa usoni achukue yenye rangi ya ngozi, kwani rangi hiyo hutokana na madini ya chuma yanayozuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Mafuta ya nazi na vaselini hulainisha ngozi vizuri, ila si kinga ya kutegemea.

Mwaka juzi mimi mwenyewe, ninayejua haya yote, nilinunua chupa ya SPF 100 barabarani kwa bei rahisi. Nyumbani niliibandua stika ya tarehe, chini yake kulikuwa na tarehe nyingine iliyopita miezi kumi na moja. Kwa hiyo kwaruza tarehe kwa ukucha kabla hujalipa, na utake risiti. Na ukishanunua, usiiweke chini ya siti ya pikipiki. Kuna mteja alinirudishia tyubu iliyokaa humo wiki mbili. Nilipoibinya yalitoka maji ya njano kwanza, halafu mabonge kama mtindi. Joto limeiua.

Usinunue kamwe: krimu ya "kung'arisha na kukinga jua" isiyo na jina la kiwanda. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango. Mkorogo unaondoa ile kinga ya asili niliyoitaja juu, kisha unakurudisha juani bila ngao.

Kwa mwenye ualbino

Hapa hakuna namba moja wala nne. Shati, pama, miwani, kivuli na losheni vyote ni vya lazima, kila siku, tangu utotoni, kwa sababu kwao saratani ya ngozi inakuja mapema na inaua. Moshi, pale hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni ya Kilisun maalumu kwa ajili yao, na wanapewa bure kupitia kliniki. Ukiona mtu anaiuza mtaani, usinunue, hata kama ni rahisi: kuna mtoto imemkosa. Mzazi aombe shule imruhusu mwanawe kuvaa kofia na mikono mirefu, na akae mbali na dirisha. Na kidonda chochote usoni, sikioni au mdomoni kisichofunga kwa wiki nne kipelekwe hospitali kikiwa bado kidogo, wakati kinaweza kukatwa na kuisha.