Till au Paybill kwa kliniki ya daktari mmoja: nimetumia zote mbili, nachukua Paybill

Ukifungua kliniki yako mwenyewe hapa Kenya, daktari ni wewe, nesi mmoja na dada wa mapokezi, kila mtu atakwambia chukua till ya Lipa na M-Pesa, ile namba ya biashara ya kupokea malipo ya simu, uanze kazi. Na kweli till ni rahisi, mteja hakatwi hata senti, mwenye biashara ndo anakatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayopita shilingi 200, na pesa unaiona hapo hapo. Duka la nguo halitaki zaidi ya hapo. Kliniki inataka, na ndio maana naandika haya, sababu mie nilianza na till nikahamia Paybill, nayo ni namba ya kulipiwa kwa M-Pesa ila anayelipa anaandika na namba ya akaunti, na tofauti yake kwa mtu anayejisimamia peke yake ni kubwa sana.

Till haina mahali pa kuandika namba ya akaunti. Shida ni hiyo moja lakini inazaa zingine zote. Meseji ikiingia unaona jina la aliyelipa, kiasi, na namba ya simu iliyofichwa tarakimu za katikati, basi. Sasa kliniki anayelipa na anayetibiwa mara nyingi si mtu mmoja. Mama kaja na mtoto kifua kimembana, umemuwekea nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa, umempima malaria, umempa dawa, bili imefika 1,800, mama kwenye simu hana kitu anampigia mjomba wa mtoto yuko Malindi, mjomba anatuma. Kwenye till linaingia jina la mjomba. Wakati ule unaelewa kwa sababu mama amesimama mbele yako, lakini jioni ukikaa kufunga hesabu una majina ya watu hujawahi kuwaona, na upande wa pili una faili za watoto hazina alama ya kulipwa, na dada wa mapokezi ashaenda zake nyumbani. Wagonjwa wakiwa wachache utakumbuka. Wakiongezeka hukumbuki, na hapo ndipo unaanza kumdai mtu aliyelipa, na mama uliyemdai pesa aliyokwisha kulipa harudi tena na mtaa mzima utasikia.

Paybill inatatua hii kitu kwa njia nyepesi kabisa, ile namba ya akaunti. Mgonjwa akifika anapewa kikadi kidogo, kimeandikwa namba ya Paybill na chini yake namba ya faili lake kwa maandishi makubwa. Mjomba yuko Malindi, shangazi yuko Nairobi, baba yuko kazini Kilindini, yeyote atakayetuma anaandika namba ile ile ya faili, na wewe ukifungua stetimenti kwenye kompyuta unaona kila malipo na namba ya faili lake, huna haja ya kujua aliyetuma ni nani.

Faida ambayo sikuitegemea na sasa naipenda kuliko zote ni malipo ya kidogo kidogo. Watu wetu wengi hawalipi bili ya elfu tatu kwa mpigo, si kwamba hawataki, mshahara wao ni wa kila siku. Tunakubaliana, anatuma mia tatu leo, mia mbili Ijumaa, na zote zinaingia kwa namba ya faili moja, salio ni rahisi kulihesabu. Hakuna kumuuliza mtu mzima mbele ya wenzake "mama, ile pesa ulituma lini?" Yeye anajua, mie najua. Na kwa vile mgonjwa wa dharura huwezi kumwambia alipe kwanza, Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinasema wazi hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura, madeni utakuwa nayo tu upende usipende, kwa hivyo bora uwe na njia safi ya kuyafuata.

Jambo lingine daktari mwenzangu ulifikirie sana ni siri ya mgonjwa. Anayelipa anabaki na meseji kwenye simu yake, na ile meseji inaonyesha alichoandika kwenye akaunti. Nimeona sehemu wanawaambia wagonjwa waandike huduma, yaani akaunti inakuwa jina la kipimo. Hebu fikiria binti anafanya kipimo cha HIV au cha mimba na anayelipa ni kaka yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hata ingekuwa haipo sheria, huo si utu. Namba ya faili haisemi chochote kwa asiyehusika. Na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa KRA, mamlaka ya kodi, nayo naiandika huduma za matibabu, sishuki mpaka jina la ugonjwa. (Huduma za matibabu hazitozwi VAT lakini invoisi ya eTIMS bado utaombwa, hasa na kampuni zinazowalipia wafanyakazi, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na hiyo invoisi KRA hawaikubali kwenye hesabu za kodi.)

Sasa upande wa kasoro. Kuipata Paybill kuna karatasi zaidi kuliko till, cheti cha kusajili biashara, PIN ya KRA, kitambulisho, barua ya benki, na inabidi uamue nani akatwe, mteja peke yake, biashara peke yake, au mgawane, hii ya kugawana Safaricom wenyewe wanaiita Mgao. Mie nimechagua makato yote yaje kwangu. Mgonjwa umemwambia 1,800 alipe 1,800, akikuta kumekatwa na nyongeza anahisi umemzunguka hata kama ni shilingi chache tu.

Usichanganye na Paybill za benki, ile 247247 ya Equity au 522522 ya KCB. Ni nzuri na huna haja ya kusajili ya kwako, ila kwa kawaida pale kwenye akaunti mgonjwa anaandika namba yako ya benki, kwa hivyo ile nafasi ya faili ishaliwa, umerudi pale pale kwenye till.

Kasoro kubwa ni kwamba watu wanakosea kuandika. Paybill ikiwa haijaunganishwa na mfumo wa kuhakiki akaunti inapokea chochote, nimekuta akaunti imeandikwa "dawa", nyingine jina la mtoto, nyingine "daktari". Dawa yake ni ule ujumbe unaomtokea mteja kwenye simu yenyewe, mapokezi wanaingiza namba yake, kiasi na faili vimeshajazwa, yeye anaweka PIN tu. Safaricom wana mlango wa mafundi unaitwa Daraja na hauna malipo kujisajili, lakini utahitaji fundi wa kukuunganishia au softwea ya kliniki iliyokwisha kuungwa. Hapa kwenye softwea kuwa makini. Kuna moja nilioletewa, jina naliacha, muuzaji alinionyesha kila kitu kizuri, ripoti za rangi, grafu, mpaka nilipomuuliza mgonjwa akilipa nusu leo na nusu wiki ijayo inaonekana wapi, ikawa haina, bili ni imelipwa au haijalipwa. Hiyo imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukaa mapokezi ya kliniki. Kwa mwanzo laptopu na Eksel vinatosha, unashusha stetimenti ya Paybill kila jioni unaibandika pembeni ya orodha ya faili, dakika chache umemaliza.

Bima sitaongea sana maana ni mada nyingine, ila usifungue kliniki ukitegemea pesa ya bima ikulipie kodi ya nyumba miezi ya kwanza. Bima za binafsi wana utaratibu wao wa kukukubali kwenye orodha na hata wakikukubali fomu zinaenda leo pesa inakuja baadaye. SHA nao, yaani bima ya afya ya serikali, tangu walipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wafanyakazi wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hivyo mtu akiingia kwako anajua ashalipa, na ni haki yake kufikiri hivyo. Kama bado huna mkataba nao mwambie mlangoni kabla hujamfungulia faili. Sisi tumebandika bei ukutani, kumuona daktari, vipimo vya kawaida, kufunga kidonda, na chini tumeandika bima tunazopokea na tusizopokea. Kumwambia mtu bei ukishamtoboa kidole si uungwana.

Kitu ambacho Paybill bado hainifurahishi ni kurudisha pesa. Mgonjwa amelipia kipimo, kemikali za kupimia zimeisha, anataka chake. Ile Paybill ya kupokea haina njia nyepesi ya kumtumia mteja pesa, ya kutuma ni huduma nyingine ya kuombwa mbali, kwa hivyo sisi tunarudisha keshi, mgonjwa anasaini kwenye daftari na namba ya faili inaandikwa pale, la sivyo hesabu zitakataa kukutana.

Ukienda kujaza fomu waambie mapema unataka uhakiki wa akaunti uwepo, kuiomba baadaye ni mzunguko. Na namba za faili zifanye ziwe tarakimu tupu, fupi, bila herufi wala mkwaju katikati, ili hata nyanya wa miaka sabini aweze kuisoma kwa simu kwa mwanawe aliye mbali na mwanawe aandike sawa.