Jumamosi nne za kusoma nje hapa Goma: uzoefu wangu

Nilimlipia binti yangu wa miaka 9 Jumamosi nne za masomo ya nje, dola 4 kila moja, maji ya kunywa anabeba mwenyewe. Hakuna dawati wala ubao.

Ya kwanza ilinikera. Tuliambiwa saa mbili, wakaondoka karibu saa nne, jua limeshachoma. Tena hakuna aliyetuonya kuhusu viatu. Makoro, yaani mawe makali ya lava, yalizitafuna kandambili zake, akarudi anachechemea. Wenu wavisheni viatu vya kufunga.

Ya pili ndiyo iliyonizuia nisidai pesa yangu. Walipelekwa juu ya lava ya 2002, ile volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, wakaambiwa watafute chochote chenye uhai. Binti yangu alidhani ameokota majivu yaliyoshikamana na jiwe. Kumbe ni kiumbe hai, ndicho kinachotangulia kuota lava ikishapoa. Jioni akaniuliza siku ile ya mlipuko, Januari 2002, nilikuwa wapi. Miaka yote nilikuwa namjibu tu kwamba tulikimbia. Safari hii nilimsimulia njia nzima hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na nani alibeba godoro.

Ya tatu ilikuwa mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kuua. Hawakusogezwa kwenye bonde lolote, nashukuru. Mwalimu alichanganya siki na bikaboneti ndani ya jagi, akainamisha jagi juu ya mshumaa bila kumwaga hata tone, mshumaa ukazimika. Hewa ile ni nzito kuliko hii tunayovuta, kwa hiyo inatuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi aliyelala anakufa, na mtu mzima aliyesimama kando yake huenda asihisi kitu. Mtoto alipomweleza bibi yake, mama yangu alicheka: "Hilo nililijua kabla mama yako hajazaliwa."

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Daftari lote limeandikwa Kifaransa, na neno mazuku halimo hata mara moja, wakati wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanalitumia hivyo hivyo lilivyo. Kwa nini bibi kama huyu hakualikwa aseme?

Ya nne mvua iliiharibu. Hawajataja siku nyingine.

Nitamwandikisha tena, pamoja na mdogo wake. Ila zile dola 4 za Jumamosi ya mvua nitazikata kwanza.