Walimvunjia Baba heshima pale The George

Majuzi Baba alikuja kunitembelea hapa London, nikamlipia matembezi ya baa za kale za Southwark. Sisi si watu wa pombe, ila Baba kafundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Nilijua atafurahi.

Na alifurahi, mwanzoni. Ukiingia ua wa The George, mojawapo ya baa hizo, kutoka Borough High Street, unakutana na roshani za mbao, moja juu ya nyingine, zimeinama kidogo kwa uzee. Baba alivua kofia. "Mwanangu," akaniambia, "hii ndiyo ilikuwa stendi yao." Kweli kabisa: magari ya farasi yaliingia humo, abiria wakashuka, farasi wakapelekwa zizini, watu wakapanda juu kulala.

Basi yule mwongoza watalii akanyoosha kidole kwenye roshani, akasema Shakespeare alisimama pale pale akitazama michezo ya kuigiza.

Baba akaomba kuuliza, kwa adabu zote. "Samahani, kijana. Shakespeare alifariki 1616. Jengo hili si limejengwa upya 1677, baada ya ule moto wa 1676?"

Jamani, jibu alilopewa! "Mzee, ukitaka darasa nenda maktaba. Wenzako wamekuja kustarehe." Watu wakacheka. Baba akavaa kofia yake, na hakuuliza tena kitu mpaka tunaachana nao.

Nisimwonee huyo kijana. Pale palikuwa na nyumba ya wageni hata kabla ya moto, na ukumbi wa Globe, walikoigizia michezo yake, haukuwa mbali, kwa hiyo Shakespeare huenda alipita uani. Angesema "huenda" nisingekuwa na neno. Yeye alituonyesha mbao zilizopigiliwa miaka sitini baada ya mtu kuzikwa!

Na uongo wa nini, wakati ukweli wenyewe unatosha? Zamani roshani zilizunguka ua. Kampuni ya reli ya Great Northern ikabomoa pande mbili mwaka 1889, ukabaki huu wa kusini peke yake. Majirani zake, Tabard na White Hart, nao walibomolewa karne hiyo hiyo ya 19. Tangu 1937 The George iko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ndiyo maana bado tunaiona. Haya yote nimeyasikia kwa Baba, siku ya pili yake, tuliporudi wawili tu tukakaa uani hadi jua likazama. Siku ile sitaisahau.

Kwa hiyo nendeni The George, nendeni wenyewe. Matembezi nilitaka kuyapa nyota mbili kwa sababu njia waliyotupitisha ni nzuri. Lakini nimewaandikia kulalamika, wamenijibu kwamba watanipunguzia bei safari ijayo. Bei! Nani kazungumzia bei? Nafuta, nawapa moja. Namba ya Baba wanayo, aliiandika kwenye fomu yao. Kijana ampigie amwombe radhi.