Ukungu wa Tukuyu umesingiziwa: uzoefu wangu na kifaa cha GPS

Katika miaka yote niliyofundisha jiografia nilisikia visingizio vya kila aina, lakini hakuna kilichonikera kama nilichopewa na mhudumu wa duka moja la vifaa vya elektroniki pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, niliporudisha kifaa cha GPS cha mkononi (kile kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kukuonyesha mahali ulipo) ambacho yeye mwenyewe aliniuzia wiki chache kabla. Hata sikumaliza kueleza. Bila kuinua macho kwenye simu yake aliniambia, "Mama yangu, huko kwenu Tukuyu ukungu hauishi. GPS haioni kwenye ukungu." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Nilikinunua ili nipime shamba langu la parachichi, lisilofika hata ekari tatu, nijue miche mingapi itatosha. Mchana nilikuwa na shughuli nyingine, hivyo nilianza kupima jioni, jua likiwa limekwisha kuzama, mwezi wa tatu au karibu na hapo. Anga ilikuwa safi na nyota zilijaa hadi juu ya mlima Rungwe. Nilisimama kwenye kona iliyo wazi, mbali na migomba (maana majani mazito na miteremko huziba setilaiti kweli, hilo silibishi), na bado namba zilianza kuruka: mara kona yangu imo ndani ya kahawa ya jirani, mara iko barabarani, halafu setilaiti zikapotea karibu zote. Jirani alitoka kuuliza ni nani anayezunguka na tochi mpakani kwake usiku, na maelezo yangu hayakumfurahisha. Alfajiri iliyofuata nilirudi pale pale, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba mti uliokuwa hatua ishirini mbele yangu sikuuona, na kifaa kikatulia kama maji mtungini.

Ushahidi huo ndio niliokuwa nimeupeleka dukani kwenye daftari, na ndio ambao hakutaka kuuangalia. Wimbi kuu la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi. Matone ya ukungu ni madogo mno kulizuia. Unyevu wa hewa hulichelewesha kidogo tu. Kinachosumbua kiko juu zaidi, kwenye ionosfia, tabaka la hewa iliyochajiwa na miali ya jua, ambalo wimbi hulazimika kulipita likitoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu. Tabaka hilo hulichelewesha wimbi, na kosa linaweza kufika mita kadhaa, pengine makumi ya mita. Jua likizama, katika ukanda wa tropiki, sehemu ya chini ya tabaka hilo huyeyuka haraka na mapovu ya hewa yenye chaji chache hupanda kutoka chini. Mawimbi yanayopita humo humetameta kama nyota, na kipokezi hushindwa kuyashika. Hali hiyo huzidi karibu na mwezi Machi na Septemba, hasa jua linapokuwa katika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi wa kuchafuka na kutulia, na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilitangaza Oktoba 2024 kwamba kipindi hicho kimefika. Mei ya mwaka huohuo dhoruba kubwa ya jua ilivuruga tabaka hilohilo na kuwafanya baadhi ya wakulima wa Marekani wasimamishe matrekta yanayoongozwa na setilaiti, katikati ya msimu wa kupanda. Hakuna aliyewaambia kwamba ni ukungu.

Mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni mpima ardhi Iringa, alicheka niliposimulia. "Mama mkubwa, hata sisi wenye mashine za bei mbaya, usiku wa namna hiyo tunafunga vifaa tunalala." Alinieleza kwamba mashine zao hupokea masafa mawili, hulinganisha ucheleweshaji wa kila moja na kuuondoa, ilhali changu hupokea moja na kubahatisha, lakini mmetameto ule huzisumbua hata zao. Akaongeza kwamba kifaa cha mkononi si cha kuamulia mpaka na jirani, jambo ambalo ningependa kuambiwa kabla sijatoa pesa.

Kwa haki, basi, kifaa chenyewe hakina kosa, na nilikuwa nimekusudia kukipa nyota nne. Asubuhi hupima vizuri, betri hudumu, na miche nimekwisha kuipanda kwa vipimo vyake. Lakini kila nikikumbuka lile "huko kwenu", kana kwamba Rungwe ni nchi ya gizani isiyofikiwa na setilaiti, nyota zinapungua. Ziwe mbili. Nilipopita tena dukani na daftari langu, yule kijana alichungulia dirishani akasema, "Hata leo mawingu ni mengi, mama." Iwe moja, na betri nitazinunua Kiwira.