Tahadhari kwa wanaotaka kuuona Mlima Kilimanjaro kwa ndege: vibali ni vya kweli, muuzaji ni wa uongo

Naandika tahadhari hii kwa ajili ya wanaojiandaa kwenda Moshi au Arusha kula sikukuu, na ambao, kama sisi, wamekutana mtandaoni na matangazo ya safari fupi za ndege za kuuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa bei wanayoiita ya wazawa. Desemba iliyopita familia yetu ilipoteza shilingi 1,980,000 kwa muuzaji wa safari hizo ambaye hakuwa na ndege wala ofisi, na wala hakuwahi kuajiriwa na kampuni aliyojitambulisha nayo. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu ipo kweli, ina ndege zake na vibali vyake, na haikuhusika kwa lolote. Jina lake liliibwa kwanza, ndipo na sisi tukaibiwa. Naomba jambo hili lieleweke mapema, maana wapo waliotuambia kwamba tulikuwa wazembe. Hatukununua kwa kukurupuka. Tulihakiki, na kila karatasi tuliyoihakiki ilikuwa ya kampuni iliyopo kweli. Ambaye hatukumhakiki ni mtu aliyezishika karatasi hizo.

Fikra ya safari ilitokana na baba yetu, ambaye sasa ana miaka 74. Katika ujana wake alikuwa mpagazi kwa njia ya Marangu, akibeba mizigo ya wageni hadi kambi ya Kibo, kwenye kimo cha mita 4,700 na ushei, na kwa kuwa wapagazi hubaki kambini usiku ule ambao wageni na waongozaji wao wanapanda kileleni, amekaa miaka yote hiyo bila kuiona kreta, yaani shimo la volkano lililo kileleni. Tulipokubaliana katika kundi letu la familia kwamba zawadi yake ya Krismasi iwe kuuona mlima kutoka juu, kila mmoja alichanga bila kusukumwa, na mimi nikakabidhiwa kazi ya kutafuta ndege.

Tangazo nililiona Instagram wiki ya kwanza ya Desemba. Bei ilikuwa shilingi 280,000 kwa kila abiria, ikielezwa kuwa ni punguzo la sikukuu linalokoma tarehe 15, na ndege ingeruka kutoka uwanja mdogo wa Moshi. Nilipoandika ujumbe, alinijibu mtu aliyejiita afisa masoko, mwenye Kiswahili safi na subira ya kupigiwa mfano, akiniita "dada yangu" na kuulizia afya ya Mzee kana kwamba wanafahamiana. Nilimwomba vibali, naye akanitumia bila kusita nakala ya cheti cha uendeshaji wa ndege, leseni ya biashara ya utalii, cheti cha mlipakodi, na picha ya ndege yenye namba ya usajili inayoanza na 5H, ambayo ndiyo alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania. Kaka yangu, ambaye ni mhasibu na si mtu wa kudanganywa kwa karatasi, alifuatilia akathibitisha kwamba kampuni hiyo inatambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Hatukukumbuka kwamba nakala ya cheti inaweza kuwa katika simu ya mtu yeyote aliyewahi kutumiwa, akiwemo mteja wa kawaida wa kampuni hiyo aliyeomba vibali kama nilivyoomba mimi.

Viti sita viligharimu shilingi 1,680,000, na nusu yake, 840,000, ilitakiwa kama malipo ya awali. Namba niliyopewa haikuwa ya kampuni bali ni namba ya kawaida ya simu, na jina lililotokea wakati wa kuthibitisha muamala lilikuwa la mtu binafsi. Nilisita. Nikaambiwa huyo ni mhasibu wao, kwamba namba ya malipo ya kampuni ilikuwa kwenye matengenezo kwa sababu ya wingi wa wateja wa sikukuu, na kwamba viti vilivyobaki ni saba tu. Nikalipa. Siku nne baadaye ikaja ada ya kibali cha kupita anga ya hifadhi, shilingi 50,000 kwa kila mtu, ambayo haikutajwa tangu mwanzo; nikalipa 300,000. Tarehe 26 Desemba, tukiwa tayari kijijini na nyumba imejaa ndugu, nikamalizia 840,000 zilizobaki, na papo hapo nikapokea tiketi iliyopangwa vizuri, ina nembo, namba za viti, na namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa baba mwenyewe. Nilipomwonyesha tiketi na kumsomea kwamba tunaruka saa nane mchana, aliniuliza, "Saa nane mchana mnakwenda kuangalia mawingu ya nani?" Mtu yeyote aliyelelewa chini ya mlima ule anajua kwamba Kibo, kilele kikuu cha mlima, huwa wazi alfajiri na mapema asubuhi, na kwamba jua likishapanda mawingu hukusanyika kutoka msituni na kuufunika, hasa Desemba ambapo mvua za vuli huwa hazijaisha kabisa. Sisi watoto wake tulikulia hapo hapo, tunalijua hilo, lakini tulikuwa tumeshalipa, na mtu aliyeshalipa husikiliza kwa sikio moja. Tulimwambia kwamba ndege inapita juu ya mawingu. Akanyamaza, akaenda kuipiga pasi koti yake.

Tarehe 27 tulifika uwanjani saa saba kasoro. Mlinzi wa getini aliipokea tiketi yetu kwa heshima, akaisoma hadi mwisho, akatueleza kwamba hakukuwa na safari yoyote ya watalii iliyopangwa siku hiyo, na kwamba sisi tulikuwa familia ya tatu. Mama mmoja aliyetoka Mwanza na wanawe alikuwa bado amesimama chini ya mti akipiga simu isiyopokelewa. Tulipolinganisha tiketi, namba yake ya uhifadhi ilikuwa ile ile yetu, na hata namba za viti zilikuwa zile zile. Mzee alikuwa amevaa koti na kofia yake ya kanisani. Aliutazama upande wa mlima, ambao tangu saa nne ulikuwa umejifunika, akasema turudi nyumbani kabla nyama haijapoa, na hajaizungumzia safari hiyo tena hadi leo.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, na nimeongea na watu wanaofanya kazi hiyo kwa haki, akiwemo mhudumu wa kampuni ile iliyoibiwa jina, ambaye alinipokea kwa upole ingawa alikuwa amechoshwa na simu kama yangu. Kutokana na mazungumzo hayo nimeona kwamba dalili zilikuwepo, na nyingi hazikuwa kwenye vibali bali kwenye yale ambayo muuzaji hakutuuliza. Ndege ndogo hupangwa kwa uzito. Kabla ya kumpa mtu kiti, mwenye ndege ya kweli hutaka kujua uzito wa kila abiria na wa mzigo wake, kwa sababu rubani lazima ajue amebeba nini na nani akae wapi. Sisi hatukuulizwa hata mara moja, na kaka yangu mkubwa, Mungu amzidishie afya, anapita kilo 110. Vilevile hatukuombwa majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, jambo ambalo hata kwenye basi la mkoani siku hizi hufanyika.

Dalili ya pili ni ahadi zisizowezekana. Muuzaji alituahidi kwamba ndege ingepita juu kabisa ya kreta na kwamba Mzee angefunguliwa dirisha apige picha. Kilele cha Uhuru kipo kwenye kimo cha mita 5,895, sawa na futi 19,341, na ndege nyingi ndogo zinazotumika kwa safari za kutazama mandhari hazina mfumo wa kudhibiti mgandamizo wa hewa ndani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka abiria wote wa ndege ya namna hiyo wawe na oksijeni pindi inapozidi futi 13,000, ambazo ni kama mita 3,962. Hicho ni kama kimo cha Shira tu, kilele kifupi kuliko vyote vitatu vya mlima huo. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya kupita juu ya Kibo lazima aweze kukueleza ndege ni ya aina gani, itapanda hadi kimo gani, na oksijeni itapatikanaje, au akuambie waziwazi kwamba ndege hupita kando ya mlima na si juu yake. Nilipouliza aina ya ndege nilijibiwa "ni ya kisasa".

Vivyo hivyo kuhusu hali ya hewa. Muuzaji wetu alisema safari ni ya uhakika, mvua inyeshe au isinyeshe, nasi tukaliona hilo kama ubora. Mlima huu hauna mzaha: Novemba 2008 ndege ndogo iliyobeba watalii ilianguka upande wa Mawenzi, kilele cha pili kwa urefu, na kuua watalii wanne kutoka Italia. Kampuni makini hukuambia mapema kwamba rubani ana mamlaka ya kuahirisha, kubadili njia au kufuta safari, na hukupa kwa maandishi utaratibu wa kurudishiwa fedha zako endapo hilo litatokea. Asiyezungumzia kuahirisha hana cha kuahirisha.

Sasa naeleza namna ambavyo ningehakiki kama ningerudishiwa siku zile. Si kila anayeuza safari ya ndege anamiliki ndege, na wakala mwenye leseni ya utalii anaweza kukuuzia kiti kihalali. Lakini ni haki yako kumuuliza ni kampuni gani itakayokurusha, kisha ukaipigia kampuni hiyo kwa namba uliyoipata wewe mwenyewe kutoka TCAA, uwanjani au ofisini kwao, na kamwe si namba iliyo kwenye tangazo wala kwenye nakala ya cheti aliyokutumia muuzaji. Kwenye nakala niliyotumiwa mimi, namba ya simu ilikuwa imebadilishwa kwa ustadi na kila kingine kikaachwa kama kilivyo. Uliza swali moja tu: je, mna safari siku hii, saa hii, kutoka uwanja huu, na jina langu limo? Simu hiyo ingenichukua dakika tatu, na ningeambiwa pale pale kwamba kampuni hiyo haina safari za namna hiyo kutoka Moshi.

Kuhusu malipo, lipa kwa akaunti ya benki au lipa namba yenye jina la kampuni hiyo hiyo, na jina likitokea la mtu binafsi, simama hapo bila kujali sababu utakayopewa. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, baada ya malipo ya kwanza, si baada ya kumaliza, kisha uihakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa namba iliyo kwenye risiti.

Kwa ambaye tayari ameshaibiwa, wahi kupiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako, kwa sababu fedha huweza kuzuiwa iwapo tu aliyepokea hajazitoa. Zetu zilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kila muamala. Toa taarifa ya namba ya tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040, kisha nenda polisi ufungue jalada na uchukue namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Piga picha za skrini za mazungumzo yote kabla hujamweleza muuzaji kwamba umegundua, maana mimi nilimtolea maneno makali kwanza, na ndani ya nusu saa jumbe zake karibu zote zilikuwa zimefutwa. Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni kwamba wiki mbili baadaye alinipigia mtu aliyejitambulisha kuwa ni ofisa wa kitengo cha makosa ya mtandao, akitaja kiasi halisi nilichopoteza, na kuniomba shilingi 120,000 za kushughulikia urejeshaji. Hakuna askari anayekudai ada ya kukurudishia mali yako. Aliyejua kiasi kile kwa usahihi namna ile ni yule aliyekichukua.

Nimelazimika kuandika sasa kwa sababu tangazo limerudi, safari hii kwa ajili ya Pasaka, likiwa na jina la kampuni nyingine, namba nyingine ya simu, na bei iliyopanda hadi 310,000. Wametumia picha ile ile ya kreta iliyotuvutia sisi, yenye miteremko ya kijivu iliyochirizika weupe kama chokaa, ambayo mdogo wangu aliitambua tulipokuwa tumeshachelewa. Ukiiona, ujue kwamba huo si Kibo. Ni Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron.